Mume Wangu Anasema Pipa Letu la Mchele Linajazwa na Malaika

Bi Zodingi mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili mume wangu atasimama mbele ya kanisa zima kushuhudia muujiza, na mimi muujiza huo naujua, unakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, unavaa kandambili za bluu na unakohoa kila unapopanda ngazi zetu.

Mume wangu, nimwite Baba Sangi, ni seremala, wala si mume wa kulalamikiwa, hanywi, hapigi, hana maneno na majirani, na nusu ya milango ya mji huu ameitengeneza yeye, mpaka mvua zilipokatika akaja yule mwinjilisti kutoka bondeni na vipaza sauti vyake akafanya mkutano kwenye uwanja wa shule, akafundisha kwamba Mungu wetu ni Mungu wa utele na mtoto wa mfalme haokoti makombo, jambo ambalo hata mimi niliitikia amina kwa sauti, lakini akaendelea kusema kwamba kinywa kikitamka upungufu, upungufu huja mbio kama mbwa aliyeitwa jina, na Baba Sangi akarudi nyumbani na sheria. Tangu siku hiyo kwetu ni marufuku kusema "hakuna", marufuku kusema "imekwisha", marufuku kusema unaumwa. Majani ya chai yakiisha tunasema yako njiani. Sangi, binti yetu, alikung'uta kopo la chumvi akakuta hamna kitu, akamwambia babake, "Baba, chumvi imetangulia mbele za Bwana," na babake akamsifu kwa imani yake. Mama mkwe wangu, Bi Thuami, ambaye magoti yake hayampi usingizi, ameishika sheria hii upesi kuliko sisi sote, maana asubuhi akiulizwa ameamkaje hujibu, "Nimebarikiwa maumivu tele mwanangu, yamefurika mpaka kwenye nyonga," na Baba Sangi hajui kama anaungwa mkono au anatukanwa.

Hayo ningeyacheka, Bi Zodingi, na mengine nimeyacheka nikiwa peke yangu, ila shida ni kwamba aliacha kazi. Mtu akija kuagiza dirisha anaambiwa kwamba kuhangaika na vijikazi ni kumwonyesha Mungu kuwa humwamini, na kwamba yeye sasa anangojea mlango mkubwa kutoka juu. Siku ya kwanza aliposema hivyo Bi Thuami alimjibu kutoka jikoni, "Haya, fundi wa milango anangojea kufunguliwa." Baba Sangi akafunga karakana, akawa asubuhi anapanda mlimani kuomba, anarudi wakati wa chakula, anakula, anashukuru, na hakuwahi kuuliza chakula kimetoka wapi kwa sababu kuuliza nako ni mashaka.

Na konzi ya kanisa unaijua mwenyewe, kila mwanamke akipima mchele wa chungu hutoa konzi moja kwanza akaitia kwenye kopo la kanisa, na Jumamosi akina mama wa mtaa hupita kukusanya, na mimi tangu niolewe sijapika bila kuitoa, lakini pipa letu lilivyozidi kushuka na konzi yangu ikawa inasinyaa, mwisho nikawa nachota kwa ncha za vidole, nikijua Mungu ananiona na nikitumaini Mama Rema haoni. Mama Rema ndiye kiongozi wa akina mama wa mtaa wetu, na Mama Rema huona kila kitu. Alikuja Jumamosi akalishika kopo letu, akalitikisa, akalisikiliza, kisha akanyanyua kifuniko cha pipa akijifanya anatafuta panya, akalikuta linaonyesha chini, akafunika, akaniuliza habari za masomo ya Sangi, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akaja na mwenzake na gunia la konzi za mtaa mzima, nami nikamletea kopo langu, lakini badala ya kupokea wakafungua gunia wakamimina lote katika pipa langu. Nikaanza kulia.

"Nyamaza wewe!" akanikaripia. "Unataka majirani wa ngazi nzima wasikie? Mumeo yuko wapi?"

"Yuko mlimani, anaomba."

"Vizuri, mwache aombe, sisi tunamwaga. Kamati imekaa, imekubali, na haikuandika. Panya wakikuuliza, waambie ni mchele wa Bwana."

Nilikusudia kumwambia mume wangu siku ile ile, kweli nilikusudia, lakini aliteremka mlimani akiwa amekwisha kusikia moyoni kwamba akatazame pipa, akanipita pale mlangoni, akafunua, na akapiga magoti. Alichota mchele akautandaza kiganjani, na ndani yake kulikuwa na ule mrefu wa bonde la Champhai, na mfupi, na mwekundu wa mashamba ya mteremkoni, na ule wa kunata, na chenga za mgao wa serikali. Akaniambia, "Tazama, Mama Sangi, mchele wa kila namna! Hakuna shamba duniani linalotoa hivi. Huu umetoka kule ambako mataifa yote yanakula meza moja." Akalia. Na mimi, Bi Zodingi, nilikuwa nimeutazama uso wake miezi yote ile ukitabasamu kwa kulazimishwa, na siku ile ukatabasamu kweli, nikampenda kama wakati ananichumbia, nikafunga mdomo. Wakati wa kula Bi Thuami alitia tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akanikazia macho na kusema, "Mchele huu umepita nyumba nyingi kabla ya kufika hapa." Kisha akaomba aongezwe.

Tangu hapo pipa halijashuka, na Mama Rema hupanda ngazi akikohoa na gunia lake kila Jumamosi mume wangu akiwa mlimani. Sasa Baba Sangi ameomba nafasi ya ushuhuda, mzee wa kanisa amempa, na si ushuhuda tu, amekusudia siku hiyo hiyo kutoa mashine yake ya randa na misumeno yake ya umeme kanisani vipigwe mnada viwe mbegu, kwa sababu mtu anayejaziwa pipa kutoka juu msumeno wa nini. Vikienda hivyo tumekwisha, samahani kwa neno hilo, ila ni kweli tumekwisha, mimi ninafuma vitambaa na kufuma peke yake hakusomeshi mtoto. Na upande wa wanawake watakuwa wamekaa wote waliojaza lile gunia. Hakuna atakayecheka, nawafahamu, na hilo ndilo linaloniumiza, wataitikia amina na nyuso zao zimetulia kabisa.

Nikimwambia nitakuwa nimemvunjia imani, na ninaogopa hatamwacha yule mwinjilisti tu, atamwacha na Mungu, na pengine na mimi. Nikinyamaza karakana inakwenda. Nifanye nini? Unijibu hapa gazetini bila wasiwasi, yeye magazeti ameyaacha kwa kuwa yamejaa habari za upungufu.

Ni mimi,
Mke wa Mwenye Imani, Serchhip

BI ZODINGI ANAJIBU

Mke wa Mwenye Imani, pole. Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni na chai yangu imepoa. Ila hilo jina ulilojibandika halijakuficha. Mhariri alipofika kwenye kandambili za bluu alisema, "Aa, ni yule seremala," akaendelea kula. Mji wetu una milima mingi lakini hauna pa kujificha, kwa hiyo tuzungumze kama watu wanaofahamiana.

Nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika. Unasema ulinyamaza kwa mapenzi. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba ilikuwa tamu kidogo kuwa mke katika nyumba ya muujiza kuliko kuwa mke katika nyumba inayolishwa na akina mama wa kanisa. Usinune, mwanangu, hata mimi ningechagua muujiza. Lakini kila Jumamosi unamtazama mwanamke mwenye kifua kibovu akipanda ngazi zako na gunia, kisha unakaa mezani unasikiliza malaika wakishukuriwa. Malaika hawakohoi, bibi wewe. Anayekohoa ana jina, na shukrani yake umeizuia wewe.

Sasa mumeo. Sitaki mtu amcheke, na nitamkemea atakayemcheka, kwa sababu katika maneno yake mengi amesema kweli. Mungu ni Mungu wa utele. Pipa lilikuwa tupu, mtu akaomba, pipa likajaa. Hapo hakukosea. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba lilijaa kwa sababu yeye alifunga mdomo na kufunga karakana. Konzi moja haimshibishi hata kuku wa jirani. Lakini wazee wetu wa milima hii walisema agawaye huishi na alaye peke yake hufa, na walipokuwa Wakristo hawakulitupa neno hilo, waliliweka kando ya chungu. Katika gunia analoliita la mbinguni mna konzi ya mwalimu, na konzi ya mke wa mchungaji, na mna konzi ya mtu ambaye siku hiyo alikunywa uji ili chungu kisisemwe hakikutoa. Mumeo amekataza neno upungufu nyumbani mwake, na huku anakula upungufu wa mtaa mzima, umepikwa vizuri, na mboga juu.

Kuna jambo jingine ambalo mama mkwe wako alikuambia na hukulielewa. Bi Thuami hakuwa anafanya mzaha na tonge lile. Alipofiwa na mumewe, huyo Baba Sangi alikuwa bado anabebwa mgongoni, na nyumba haikuwa na mtu wa kulima. Akina mama wa wakati ule walikaa, wakakubali, na hawakuandika. Mimi nilikuwa bibi harusi mwenye miguu imara, nikatumwa kubeba gunia. Tulikuwa tunangoja mpaka Bi Thuami ateremke chemchemini na mtoto wake mgongoni, tunaingia, tunamimina, tunatoka kwa mlango wa nyuma, ili asione haya. Akirudi anakuta pipa limejaa. Hakuuliza hata siku moja. Sisi hatukusema. Alipika, akamtafunia mtoto, mtoto akakua akawa seremala.

Ndiyo maana alitafuna taratibu.

Sisi watu wa milima hii tunajisifu sana kwa tabia hii ya kusaidia na kuficha mkono. Atakayejitangaza tunamwona hana adabu, na atakayeomba tunamwona hana moyo. Haya, tazameni tulichokizaa: mwanamume aliyelishwa na majirani mara mbili, utotoni na utu uzimani, na hakuna aliyewahi kumwambia hata mara moja. Kwa nini asiamini kwamba mchele unashuka wenyewe? Maisha yake yote umekuwa ukishuka wenyewe! Yule mwinjilisti wa vipaza sauti mnamlaumu bure. Yeye alipanda tu, shamba tulilima sisi, akina mama wenye heshima zetu, tukitoka kwa mlango wa nyuma.

Unaogopa utamvunjia imani. Imani gani? Imani inayokufa kwa kutajiwa majina ya majirani si imani, ni majivuno yaliyobeba Biblia kwapani. Iache ife, vijana wa mtaa wataizika bila malipo kama wanavyomzika kila mtu. Na ile nyingine, ile iliyompigisha magoti mbele ya pipa, hiyo haitakufa. Itapata mahali pa kukanyaga. Nakuambia hivi nikiwa nimemwona mamake akiamka kila siku kwa miaka ile na kutoa konzi yake kwenye mchele ambao ulikuwa wa konzi tangu mwanzo. Hakuna aliyemfundisha utele kwa kipaza sauti.

Gazeti hili linatoka Ijumaa. Kwa hiyo leo usimhubirie mumeo, wewe si mwinjilisti, na mke anayehubiri wakati wa kula hupoza chakula. Mwendee mama mkwe wako umwambie maneno haya tu: "Mama, mwambie alikula nini alipokuwa mgongoni mwako." Kisha toka nje, nenda kafume, usisikilize dirishani. Hayo ni mazungumzo ya mama na mwanawe. Na Bi Thuami, kama unasomewa hili: sheria ya kutotaja shida imefutwa, nimeifuta mimi, lalamikia magoti yako upendavyo, na umwambie mtoto.

Atakasirika. Atakuuliza kwa nini mlimfanya mjinga. Usijitetee. Mwambie, "Niliogopa, na nilikosea," halafu nyamaza, safari hii unyamaze kwa faida.

Kesho, Jumamosi, mlima utamsamehe, asipande. Mama Rema akifika, apite mlango wa mbele, akae, anywe chai yenye sukari guru, na gunia alibebe mumeo. Azunguke nalo mtaa mzima nyuma ya akina mama, mlango kwa mlango, alifungue yeye kwa mikono yake, aone kila kopo linavyomiminwa na liko kiasi gani. Wanaume watamwita mwanamke wa kamati. Wamwite. Wengi wao wameoa wanawake wa kamati na wanakula vizuri.

Mashine zibaki karakanani. Na wewe mzee wa kanisa uliyempa nafasi, najua unasoma ukurasa huu kabla ya ukurasa wa mpira: mashine hizo kanisa lisizipokee, hata akizileta kwa kupiga magoti. Mungu aliyeumba miti hana haja ya randa. Mwenye haja ni Mama Rema. Mlango wa jiko lake umeng'oka bawaba, alikwenda karakanani kwenu kuomba utengenezwe, akaambiwa habari za mlango mkubwa wa kutoka juu, akarudi nyumbani akaufunga kwa kamba. Baridi yote hii anapika upepo ukimpiga mgongoni, kisha unashangaa kikohozi kinatoka wapi. Hakukuambia, sivyo? Bila shaka hakukuambia. Jumatatu mumeo aanze na mlango huo.

Na Jumapili asimame. Usimzuie, nafasi amepewa na ushuhuda anao, tena mkubwa kuliko ule aliouandaa. Aseme yote aliyokusudia: nyumba yangu ilikuwa na pipa tupu, nikaomba, likajaa, na Mungu ni mwaminifu. Kisha aongeze majina, ya leo na ya wakati wa mamake, nyumba kwa nyumba, bila kuruka hata moja. Waliokufa awataje. Akina mama watainamisha vichwa na kumfanyia ishara akae chini, kwa aibu, kwa sababu hatujazoea. Asikae. Ibada itachelewa na wali wa mchana utapoa katika kila nyumba mtaani, na itakuwa sawa.